Ajali Ina Kinga: Historia Fupi ya Usalama Kazini, Kutoka Milima ya Gashonga

Huenda umekwisha kukutana na methali isemayo kwamba ajali haina kinga. Waswahili huitumia kumfariji aliyepatwa na jambo asilolitarajia, na kwa kazi hiyo ya faraja methali hii haina ubaya. Ubaya huanza pale inapotumika kufunga mjadala. Fundi ameanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi lililofungwa kwa kamba zilizooza, majirani wamemzunguka, na mtu mmoja anatamka kwa upole, "Ajali haina kinga." Kila mtu anatikisa kichwa, na hakuna anayeuliza ni nani aliyezifunga kamba zile, ni nani aliyezinunua, wala ni nani aliyepaswa kuzikagua asubuhi ile.

Katika makala haya nataka tuitazame methali hiyo kwa macho ya historia. Tutaanzia Gashonga, mojawapo ya tarafa 18 za wilaya ya Rusizi, katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Tumechagua mahali hapa kwa sababu historia ya eneo hili inaonyesha waziwazi jinsi swali la "nani anawajibika?" lilivyobadilika katika muda wa miaka mia moja. Tena inatuonyesha hayo kupitia neno moja la Kiswahili ambalo ninyi nyote mmelijua tangu somo la kwanza: neno "kazi".

Neno linapovuka mpaka

Eneo la Rusizi zamani liliitwa Kinyaga, na baadaye likajulikana kama Cyangugu. Linapakana na Kongo upande wa magharibi na Burundi upande wa kusini, na mto Rusizi ndio unaochora sehemu kubwa ya mpaka huo. Kiswahili kiliingia huku pamoja na wafanyabiashara, askari na watawala wa kikoloni, kwanza Wajerumani na kisha Wabelgiji, walioitwaa Rwanda mwaka 1916 wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Chini ya Wabelgiji, neno "kazi" liliingia katika Kinyarwanda kwa sura ya "akazi". Leo Mnyarwanda akisema anatafuta akazi, anamaanisha ajira yenye mshahara, jambo la heri. Lakini katika miaka ya 1920 na 1930 neno hilo lilitisha. Akazi ilikuwa kazi ya kulazimishwa: kuchimba barabara, kupanda miti, kuchimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko, kubeba mizigo. Amri ilitoka kwa mtawala wa Kibelgiji, ikapita kwa chifu, ikashuka kwa chifu mdogo, na mwisho ikamfikia mkulima mlimani. Aliyechelewa au kukataa alichapwa kiboko, na neno hilo nalo likaingia katika Kinyarwanda likawa "ikiboko". Katika Kinyaga mashamba ya walowezi na makampuni nayo yalipata watu kupitia machifu. Mwanahistoria Catharine Newbury, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa eneo hili na kuchapisha kitabu mwaka 1988, ameeleza kwa kina jinsi madai hayo ya kazi yalivyoongeza uchungu kati ya watawala na watawaliwa.

Sasa jiulize: katika kazi ya namna hiyo, jiwe lilipomwangukia mtu barabarani, ni nani aliyewajibika? Kwa hakika hakuna. Mtu hakuwa na mkataba, kwa hiyo hakuwa na mwajiri wa kumdai. Mguu uliovunjika ulikuwa mzigo wa mke wake, watoto wake na jirani zake. Mahali pasipo na mtu wa kuulizwa, methali ya "ajali haina kinga" hupata nguvu, kwa sababu ndiyo faraja pekee iliyobaki.

Safari ya Katanga

Wengine waliondoka. Wapo waliokwenda Uganda, hasa wakati na baada ya njaa kubwa ya Rwakayihura ya mwaka 1928 na 1929. Watu wa Kinyaga walivuka mto kwenda Bukavu na mashamba ya Kivu. Na kati ya mwaka 1925 na 1930 hivi, kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliajiri maelfu ya wanaume kutoka Rwanda na Burundi kwenda kuchimba shaba katika Katanga, kusini mwa Kongo. Huko walikutana na watu wa makabila mengi, na lugha iliyowaunganisha katika machimbo na kambi ilikuwa Kiswahili.

Wengi wao walikufa. Kuporomoka kwa miamba kuliua, lakini wauaji wakubwa walikuwa magonjwa: homa ya mapafu, homa ya matumbo, malaria na kuhara. Mtu aliyezaliwa katika ubaridi wa milima, aliyelelewa kwa maharage, viazi na ndizi, alisafirishwa mbali, akalazwa katika kambi iliyosongamana, akalishwa unga wa mahindi ambao tumbo lake halikuuzoea, kisha akapelekwa kazini kabla mwili haujatulia.

Jambo hili halikuwa la Katanga peke yake. Katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, vifo vya homa ya mapafu miongoni mwa wafanyakazi waliotoka katika nchi za joto vilikuwa vingi mno hata serikali ikapiga marufuku kuwaajiri mwaka 1913. Huko huko, vumbi la mwamba lilikuwa likiharibu mapafu ya wachimbaji kwa ugonjwa uitwao silikosisi. Chembe za mwamba huo ni ndogo kiasi kwamba jicho halizioni. Zikivutwa miaka mingi huacha makovu katika mapafu, na makovu hayo hayaponi. Mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani liliitisha mkutano wa kimataifa kuhusu silikosisi mjini Johannesburg.

Hapa ndipo tunapofikia jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi alikumbuke. Kuanzia mwaka 1928 hivi, kampuni ya Katanga ilibadili utaratibu wake. Iliwapa wafanyakazi mikataba ya miaka mitatu badala ya michache ya miezi, ikawaruhusu kuja na wake zao, ikaboresha nyumba, chakula na matibabu. Haikufanya hivyo kwa huruma. Ilifanya hesabu, ikaona kwamba kuajiri mtu kutoka mbali na kumzika baada ya miezi michache ni hasara. Hata hivyo, matokeo yalionekana: vifo vilipungua sana katika miaka iliyofuata.

Mwamba ulikuwa ule ule, na watu walikuwa na miili ile ile. Kilichobadilika ni uamuzi wa mwenye kazi. Ikiwa vifo vilipungua baada ya kubadilisha nyumba na chakula, basi vifo vya awali havikuwa kudra tupu. Vilikuwa na sababu, na sababu hizo zilikuwa mikononi mwa mtu. Ajali, kumbe, ilikuwa na kinga tangu mwanzo. Aliyekuwa na uwezo wa kuitoa alikuwa bado hajaamua kuitoa.

Kutoka hesabu ya faida hadi haki

Lakini usalama unaotegemea hesabu ya mwenye mali ni usalama dhaifu. Siku hesabu ikigeuka, kinga huondoka. Ndiyo maana historia ya karne ya 20 ni historia ya kuiondoa kinga katika daftari la faida na kuiweka katika kitabu cha sheria.

Shirika la Kazi Duniani liliundwa mwaka 1919, baada ya vita. Mwaka 1930 lilipitisha Mkataba Namba 29 kuhusu kazi ya kulazimishwa. Watu wengi wanaujua mkataba huo kama mkataba wa kukomesha utumwa wa kisasa, lakini ndani yake mna pia vifungu vya usalama. Palipokuwa bado na kazi ya kulazimishwa, mkataba ulitaka wachukuliwe wanaume wenye afya tu, wa umri usiopungua miaka 18 wala kuzidi 45, na ulitaka sheria za fidia kwa wanaoumia au kuugua kazini ziwahusu wao sawa na wafanyakazi wengine. Ubelgiji iliuridhia mwaka 1944. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Rwanda ikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na wajumbe waliofika mwaka 1948 walikosoa matumizi ya kiboko. Hatua kwa hatua akazi ikapunguzwa, kisha ikaondolewa.

Rwanda ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na Septemba mwaka huo huo ikajiunga na Shirika la Kazi Duniani. Sheria ya kazi ya mwaka 1967 ilikuwa msimbo wa kwanza wa kazi wa taifa huru. Sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1974 iliimarisha bima ya ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Leo bima hiyo inasimamiwa na Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, na mchango wake ni asilimia 2 ya mshahara, unaolipwa wote na mwajiri. Zingatia maana ya jambo hilo dogo: mfanyakazi hakatwi hata senti moja kwa ajili ya bima hii, kwa sababu sheria inaihesabu hatari ya kazi kuwa mali ya yule anayefaidika na kazi.

Sheria za kazi ziliandikwa upya mwaka 2001, mwaka 2009 na mwaka 2018. Agizo la waziri la mwaka 2012 lilieleza masharti ya afya na usalama kazini, na la mwaka 2015 likaeleza jinsi ya kuunda kamati za usalama ambamo wafanyakazi nao huketi. Mwaka 2018 Rwanda iliridhia pia Mkataba Namba 155 na Namba 187, ambayo ni mikataba mikuu ya kimataifa kuhusu usalama na afya kazini. Na mwezi Juni mwaka 2022, mkutano mkuu wa Shirika la Kazi Duniani uliyatangaza mazingira salama ya kazi kuwa miongoni mwa haki za msingi, sawa na uhuru wa kutofanyishwa kazi kwa nguvu.

Katika sheria ya mwaka 2018 mna jambo linalowahusu sana watu wa Gashonga. Sheria hiyo inawagusa hata wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi katika masuala kadhaa, na mojawapo ni afya na usalama kazini. Sekta isiyo rasmi ni ile ya kazi zisizosajiliwa, ambazo mara nyingi hufanywa kwa makubaliano ya mdomo. Maana yake ni kwamba kijana anayepasua mawe kwa malipo ya siku, bila mkataba wa karatasi, hayuko nje ya ulinzi wa sheria kama alivyokuwa babu wa babu yake wakati wa akazi.

Kazi za milimani leo

Gashonga ni nchi ya wakulima. Eneo zima la Rusizi hulima kahawa, na upande wa kusini ardhi inashuka hadi bonde la Bugarama, penye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji cha CIMERWA kilichoanza uzalishaji mwaka 1984. Kwa hiyo mtu wa milima hii anaweza kukutana na hatari za namna nyingi katika maisha yake: panga na jembe, dawa ya kunyunyizia kahawa, gunia zito kwenye njia yenye utelezi, tanuri la matofali, jukwaa la ujenzi, vumbi la jiwe.

Wataalamu wa usalama hufuata mpangilio mmoja wanapokabili hatari, na mpangilio huo una mantiki rahisi. Kwanza, jaribu kuiondoa hatari yenyewe. Pili, ikiwa haiondoki, weka badala yake kitu chenye madhara madogo. Tatu, itenge hatari na watu kwa kizuizi au kifaa. Nne, panga kazi na wape watu mafunzo. Tano na mwisho, wape vifaa vya kinga kama kofia ngumu, buti, glavu na barakoa.

Mfano mzuri wa hatua mbili za kwanza ni njiti ya kiberiti. Katika karne ya 19 viberiti vilitengenezwa kwa fosforasi nyeupe, ambayo mvuke wake ulioza mifupa ya taya za wafanyakazi, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 1906 nchi kadhaa zilikutana mjini Bern, Uswisi, zikakubaliana kuipiga marufuku fosforasi hiyo katika viberiti. Hazikuamua kuwagawia wafanyakazi vitambaa vya kufunika midomo. Ziliiondoa sumu, viwanda vikatumia aina nyingine isiyo na madhara hayo, na ugonjwa ukatoweka pamoja nayo.

Tuulete mpangilio huo katika machimbo madogo ya mawe. Hatari kubwa ya kwanza ni kuporomoka. Mchimbaji hupenda kuchimba chini ya ukuta wa udongo, kwa sababu sehemu ya juu ikikosa tegemeo huanguka yenyewe na kumpunguzia jasho. Njia hiyo ndiyo inayoua, hasa baada ya mvua, udongo unapokuwa umejaa maji na kuwa mzito. Kinga yake haiuzwi dukani: ni kuchimba kuanzia juu kwenda chini, kwa ngazi pana kama za matuta ya shambani, na kusimamisha kazi mvua inaponyesha. Hatari ya pili ni vumbi. Kumwagia jiwe maji kabla ya kulipasua, na kukaa upande ambao upepo unatokea, hupunguza vumbi kuliko kitambaa kilichofungwa puani. Kofia na miwani huja mwisho. Mwajiri anayegawa kofia huku ukuta ukining'inia juu ya vichwa vya watu ameanzia mkiani.

Kazi za umma nazo zimerudi kwa sura mpya. Tangu mwaka 2008, mpango wa serikali uitwao VUP huwapa watu wa kaya maskini kazi za kulipwa, zikiwamo za kutengeneza barabara na matuta. Kwa macho, kazi hizo zinafanana na zile za akazi: mlima, jembe na barabara. Tofauti iko katika ujira, hiari na wajibu. Mtu huyu ana wa kumuuliza. Na kwa kuwa ana wa kumuuliza, ana haki ya kuuliza lilipo sanduku la huduma ya kwanza kabla hajakata kidole.

Shimo la Kinazi

Nisingependa ufikiri kwamba sheria ikishaandikwa historia imekwisha. Mwezi Aprili mwaka 2023, katika tarafa ya Kinazi, wilaya ya Huye, watu 6 walifukiwa ndani ya shimo refu la machimbo yaliyokuwa yakiendeshwa bila kibali. Miongoni mwao walikuwamo wanafunzi wa shule ya sekondari, vijana wa rika lako waliokuwa wakitafuta chochote cha kujikimu. Mashine zilichimba usiku na mchana kwa siku nyingi, kisha utafutaji ukasimamishwa bila wao kufikiwa.

Wakati huo sheria ya mwaka 2018 ilikuwapo, na mikataba ilikuwa imekwisha kuridhiwa. Lakini sheria haiteremki shimoni yenyewe. Huhitaji mkaguzi anayefika, kiongozi wa mtaa asiyefumba macho, mwenye shimo anayeogopa kuwajibishwa, na kijana anayejua kwamba anaweza kukataa kuingia. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, tunarudi wakati ule ambapo aliyeumia hakuwa na wa kumuuliza.

Methali mbili

Kiswahili hakikutuachia methali moja tu. Kipo pia kile wasemacho wahenga kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hizi nazo ni hekima za lugha hii hii. Ajali haina kinga ni neno la kumwambia mgonjwa, baada ya kumfikisha hospitali, ili asijilaumu. Usipoziba ufa ni neno la kumwambia mwenye kazi, asubuhi, kabla watu hawajapanda jukwaani. Kosa ni kumpa mwenye kazi faraja iliyokusudiwa mgonjwa.

Kwa hiyo utakapopata akazi yako ya kwanza, kwa maana njema ya leo, uliza maswali manne bila haya. Ni hatari gani iliyopo hapa, na imepunguzwaje? Ni nani anayesimamia usalama? Je, nimeandikishwa katika bima ya ajali? Nikiumia, nani atatoa taarifa kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Wanaume waliokwenda Katanga kutoka milima hii hawakuwa na mtu wa kumuuliza hata swali moja kati ya hayo.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza jinsi maana ya neno "akazi" ilivyobadilika, na sababu za mabadiliko hayo.
2. Kwa nini mwandishi anasema kwamba usalama unaotegemea faida ya mwajiri ni dhaifu? Je, unakubaliana naye?
3. Chagua kazi moja inayofanyika karibu na nyumbani kwenu. Taja hatari zake tatu, kisha panga njia za kuzikinga kwa kufuata hatua tano zilizoelezwa.